Mabinti wa Preston na Ufunguo wa Uwanja

Kuna neno moja ambalo limerudiwa sana vijiweni, ndani ya mabasi na hata kwenye vikao vya kamati za michezo, mpaka sasa limekuwa kama methali. Neno lenyewe ni kwamba kandanda ya wanawake haina watazamaji. Wasemao hivyo husema kwa upole tu. Si kwamba tunawachukia akina dada, wanasema, ila watu hawaji uwanjani; watu wasipokuja fedha haipatikani, na fedha isipopatikana timu haiendelei. Hoja ikipangwa namna hiyo inaonekana kama haina pa kushikwa.

Juma hili, ndugu zangu, mimi nataka niishike. Wala sitaishika kwa kubishana. Nitasimulia tu habari za timu moja ya wasichana wa kiwandani, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1917, ikacheza kwa miaka 48, na ambayo siku moja ilijaza uwanja hadi maelfu ya watu wakafungiwa nje. Msomaji akishamaliza, atajiamulia mwenyewe kama ni kweli watu hawakuja, au kama kuna mtu aliyefunga mlango kisha akageuka kuuliza mbona ndani hamna watu.

Twende basi Preston. Huu ni mji wa viwanda ulioko jimbo la Lancashire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Wazee wa soka wanaujua kwa sababu ya timu yake ya wanaume, Preston North End, ambayo ilitwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Uingereza, msimu wa 1888/89, bila kupoteza hata mchezo mmoja. Katika mji huo palikuwa na kiwanda kilichoitwa Dick, Kerr, kilichokuwa kikitengeneza vifaa vya reli na tramu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, kiwanda hicho, kama vingine vingi, kiligeuzwa kuwa cha kutengeneza silaha. Wanaume wakaenda vitani. Nani ashike mashine? Wakaitwa wanawake.

Kazi ile haikuwa ya mchezo. Katika viwanda vya silaha wasichana walishinda saa nyingi wamesimama, wakibeba vyuma vizito na kushika baruti zenye sumu, ambazo ziliwageuza baadhi yao ngozi ikawa ya manjano. Yeyote aliyesema baadaye kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kishindo cha kandanda, sharti kwanza aeleze uliwezaje kishindo cha kiwanda cha makombora.

Wakati wa mapumziko ya chakula, wasichana wa Dick, Kerr walizoea kutoka nje na kupiga mpira pamoja na vijana waliobaki kiwandani. Inasimuliwa kwamba timu ya wanaume ya hapo ilikuwa inafungwa ovyo, na wasichana wakaanza kuwatania: hata sisi tungefanya vizuri zaidi yenu! Utani ukazaa mchezo. Katika ofisi za kiwanda palikuwa na karani mmoja jina lake Alfred Frankland. Yeye alikuwa akiwatazama kupitia dirishani, akaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Hospitali moja ya askari majeruhi pale mjini, iliyokuwa Moor Park, ilikuwa inahitaji msaada wa fedha. Frankland na wasichana wakakubaliana: watacheza mpira hadharani, watu watoe kiingilio, mapato yaende hospitalini.

Siku ya Krismasi mwaka 1917, timu ya Dick, Kerr iliingia uwanja wa Deepdale, ambao ndio uwanja wa Preston North End, kucheza na wasichana wa kiwanda kingine cha mji huohuo. Walishinda mabao 4 kwa 0. Lakini ushindi si habari ya kushangaza. Habari ni kwamba mbele yao walikuwapo watu 10,000.

Hapa mwenye shaka anayo nafasi ya kusema neno, nami nampa. Atasema: ilikuwa wakati wa vita, ligi ya wanaume ilikuwa imesimamishwa tangu mwaka 1915, watu walikuwa na njaa ya burudani yoyote. Tena walikwenda kutoa sadaka kwa majeruhi, na wengine walikwenda kushangaa tu wasichana waliovaa kaptula. Haya, tukubali. Basi tuone ilikuwaje vita vilipokwisha.

Vita vilikwisha Novemba 1918. Wanaume wakarudi, na wanawake wengi wakaambiwa asanteni, rudini jikoni. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilikuwa limewapa wanawake haki ya kupiga kura, lakini kwa wale waliotimiza umri wa miaka 30 tu, tena kwa masharti. Wasichana wengi wa timu yetu hawakuwa wamefika umri huo; yaani nchi iliwaona wamekomaa vya kutosha kutengeneza makombora, lakini si vya kutosha kuchagua mbunge. Mwaka 1919 ligi ya wanaume ilianza tena. Kwa hoja ya wale wenye shaka, sasa ndio ulikuwa wakati wa kandanda ya wanawake kufa kifo chake cha kawaida, maana wenye mpira wao wamerudi.

Haikufa. Ilikua. Frankland alianza kusaka vipaji kutoka miji ya jirani. Akimwona msichana anayelijua gozi, humtafutia kazi kiwandani na kumsajili. Walilipwa shilingi 10 kwa mchezo, za kufidia nauli na saa za kazi walizokosa. Alikuwapo nahodha Alice Kell, alikuwapo Florrie Redford mfungaji hodari, alikuwapo Jennie Harris, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa kupenya. Mwaka 1920 akaja binti mmoja kutoka mji wa St Helens, aliyezaliwa Aprili 1905, jina lake Lily Parr. Alikuwa mrefu, winga wa kushoto, mwenye mguu ambao walinda mlango waliuogopa. Alikuwa bado hajatoka utotoni sawasawa, lakini msimu wake wa kwanza anahesabiwa kufunga mabao 43.

Mwaka huohuo wa 1920, timu ya wasichana kutoka Ufaransa, ikiongozwa na mama mmoja mpiganiaji wa michezo ya wanawake aliyeitwa Alice Milliat, ilialikwa Uingereza. Mchezo wa kwanza ulichezwa Deepdale mbele ya watu wapatao 25,000. Kisha wakacheza Stockport, wakacheza Manchester, wakamalizia London katika uwanja wa Stamford Bridge, ambao wapenzi wa Chelsea wanaufahamu vizuri. Baada ya miezi michache Dick, Kerr nao wakavuka bahari kwenda kurudisha ziara. Mjini Paris watu 22,000 walifika kuwatazama. Wasichana ambao miaka mitatu nyuma walikuwa wakipiga mpira uani mwa kiwanda, sasa walikuwa wanapokewa ng'ambo kama wageni wa heshima.

Halafu ukaja Desemba 1920, mwezi ambao historia ya mpira inapaswa kuukumbuka. Katikati ya mwezi ule timu ilitaka kucheza usiku, ili mapato yawasaidie askari waliorudi vitani wakakosa kazi. Taa za uwanjani hazikuwapo enzi hizo. Frankland akaomba taa mbili kubwa za jeshi, zile zilizotumika vitani kumulika ndege za adui angani, na Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa vita wakati huo, akatoa ruhusa. Mipira ikapakwa chokaa nyeupe ili ionekane. Watu 12,000 wakaja Deepdale usiku wa baridi kali kuwatazama wanawake wakisakata kandanda chini ya taa za vita.

Siku kumi baadaye, tarehe 26 Desemba 1920, Dick, Kerr walikwenda Liverpool, uwanja wa Goodison Park wa klabu ya Everton, kupambana na timu ya wanawake ya St Helens. Watu walioingia walikuwa 53,000. Walioshindwa kuingia na kubaki nje, inakadiriwa, walifika 14,000. Wachezaji wenyewe walisaidiwa na polisi kupenya umati hadi vyumba vya kuvalia. Redford, mshambuliaji wao wa kati, alikuwa amekosa treni. Kipindi cha pili ikabidi nahodha Kell, ambaye ni beki, asogezwe mbele. Akafunga mabao 3. Mchezo ukaisha 4 kwa 0, na mapato ya mlangoni yakawa paundi 3,115, fedha nyingi ajabu kwa enzi hizo, zote kwa ajili ya hisani.

Mwenye shaka, bado uko? Ligi ya wanaume ilikuwa imesharudi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili. Watu 53,000 hawaendi uwanjani kushangaa kaptula. Kaptula walikwisha kuzishangaa mwaka 1917. Walikwenda kutazama mpira.

Mwaka 1921 timu hii ilicheza zaidi ya michezo 60, na jumla ya waliowatazama mwaka huo inakadiriwa kukaribia 900,000. Kumbuka kwamba hao ni wasichana waliokuwa bado wanafanya kazi kiwandani siku za kazi, kisha wanapanda treni Jumamosi. Timu za wanawake nchini Uingereza zilikuwa zimefika kama 150. Na mwaka huo wenye migodi ya makaa ya mawe walikuwa wamewafungia wachimbaji nje ya kazi kwa sababu ya mgogoro wa mishahara. Katika miji ya migodi, wanawake walicheza mpira kuchangisha fedha za kuwalisha watoto wa wachimbaji. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

Tarehe 5 Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza, kinachojulikana kwa herufi zake mbili, FA, kilikaa London. Kikapitisha azimio. Kikasema kwamba mchezo wa kandanda haufai kabisa kwa wanawake wala wasitiwe moyo kuucheza. Kikasema pia kwamba kuna malalamiko juu ya fedha za hisani, kuwa sehemu kubwa mno inaliwa na gharama. Kwa hiyo klabu zote zilizo chini ya chama zikaagizwa zisiwape wanawake viwanja vyao. Waamuzi na washika vibendera wa chama nao wakazuiwa kuchezesha michezo yao.

Msomaji aone ustadi wa azimio lile. Hakuna aliyesema ni kosa la jinai mwanamke kupiga mpira. Hakuna aliyetuma polisi. Waliambiwa tu: chezeni mtakavyo, ila si hapa. Na "hapa" maana yake ilikuwa kila uwanja wenye uzio, mlango wa kukusanyia kiingilio, na majukwaa ya watu kukaa. Ukimnyima muuza samaki soko, huna haja ya kumkataza kuuza samaki.

Tuzipime sababu mbili walizotoa. Ya kwanza ni ya mwili. Walikuwapo madaktari waliosema kwamba mateke na misukosuko ya mpira vitamdhuru mwanamke na uzazi wake. Lakini madaktari hao walikuwa wapi mwaka 1917, wakati wasichana haohao wakivuta hewa ya baruti? Kuna maradhi ambayo huonekana tu pale mwanamke anapofanya jambo kwa furaha yake; akilifanya kwa faida ya wakubwa, huwa mzima wa afya.

Sababu ya pili, ya fedha, naichukulia kwa uzito zaidi. Fedha za hisani ni amana. Timu iliyokuwa ikisafiri nchi nzima ilikuwa na gharama, na wachezaji walikuwa wanapewa zile shilingi 10 zao. Inawezekana mahali fulani, katika timu fulani, hesabu hazikuwa safi. Sioni haya kukubali hivyo, kwa sababu hata sisi tunajua mapato ya mlangoni yanavyoweza kuyeyuka kabla ya kufika mezani. Ila dawa ya hesabu chafu ni mkaguzi. Karani wa shule akishukiwa kula karo, hukamatwa karani. Shule haifungwi kwa miaka 50. Na katika soka la wanaume, je, hapakuwa na klabu zilizovuruga fedha? Zilikuwapo kabla na zimekuwapo baada. Wakubwa wake waliadhibiwa, na mchezo ukaendelea.

Basi ni nini kilichowasukuma? Mimi nina maoni yangu, nayatoa kama maoni. Kwanza, miaka ile ya 1920 na 1921 ligi ya wanaume ilikuwa imepanuliwa kwa kuongezwa klabu nyingi za daraja la tatu, ambazo zilihitaji kila senti ya mlangoni. Watu 53,000 waliokwenda Goodison Park ni viingilio 53,000. Pili, fedha za majeruhi ziliwafurahisha wakubwa, lakini fedha za kulisha watoto wa wachimbaji waliofungiwa nje hazikumfurahisha kila mtu. Tatu, na ndilo kubwa, vita vilikuwa vimewaonyesha wanawake nafasi ambayo kabla hawakuwa nayo, na walikuwapo wengi waliotaka kila kitu kirudi kilipokuwa mwaka 1914. Kandanda ilikuwa sehemu moja tu ya kurudisha mambo nyuma.

Wenye timu za wanawake hawakukaa wakalia. Siku chache tu baada ya azimio walikutana Blackburn wakaunda chama chao wenyewe. Walitafuta viwanja vya raga, walicheza kwenye bustani za umma na mashambani. Dick, Kerr, mwaka 1922, walipanda meli kwenda Kanada na Marekani. Walipotua Kanada wakakuta mlango umefungwa: chama cha soka cha huko nacho kimekataa wasicheze. Wakaingia Marekani, na huko wakakuta jambo jingine la ajabu: timu zilizopangwa kucheza nao zote ni za wanaume! Walicheza michezo 9. Hawakupoteza hata nusu yake. Sijui ni timu ngapi za wanaume wa leo zingethubutu kufunga safari kama ile, kisha zishuke uwanjani na kupambana bila kulalamika.

Baada ya hapo historia yao inakuwa ya uvumilivu. Mwaka 1926 walitengana na kiwanda, wakaitwa Preston Ladies, Frankland akiendelea kuwaongoza. Mwaka 1937 waliwakaribisha wanawake wa Edinburgh kutoka Scotland katika mchezo waliouita wa ubingwa wa Uingereza na dunia, wakashinda 5 kwa 1. Vita Kuu ya Pili ikawasimamisha, wakarudi. Lily Parr, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Whittingham, nje kidogo ya Preston, aliendelea kucheza mpaka mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 46. Mabao yake yote yanakadiriwa kukaribia 1,000. Kwa hesabu za klabu yenyewe, katika michezo zaidi ya 800 ya maisha yao, walipoteza isiyofika 30.

Lakini namba hizo zisitupumbaze. Timu inayoshinda bila uwanja ni kama mwimbaji mwenye sauti nzuri aliyefungiwa chumbani. Walioweza kumsikia ni majirani tu. Watazamaji 53,000 wakawa elfu chache, kisha mamia. Magazeti yakaacha kuandika. Msichana wa mwaka 1950 aliyekuwa na mguu kama wa Lily Parr hakuwa na mahali pa kumwona mwanamke mwingine akicheza, kwa hiyo hakujua kama jambo hilo lipo. Frankland alifariki mwaka 1957. Mwaka 1965 timu ikavunjika, kwa sababu iliyoandikwa kwa maneno machache tu: wachezaji hawakupatikana. Ndiyo, hawakupatikana. Bustani ikinyimwa maji kwa miaka 44, mwaka wa 45 mtu husema ardhi hii haifai kwa kilimo.

Wala ugonjwa huu haukuwa wa Waingereza peke yao. Brazil, nchi ambayo sote tunaiita mama wa kandanda, mwaka 1941 ilitoa amri ya serikali kuwazuia wanawake wasicheze michezo iliyodaiwa kupingana na maumbile yao, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1979. Ujerumani ya Magharibi, mwaka mmoja tu baada ya wanaume wake kutwaa Kombe la Dunia la 1954, chama chake cha soka kilizikataza klabu kuwa na timu za wanawake. Ikaondoa katazo mwaka 1970. Ukiyaweka pamoja unaona kwamba mahali pengi wanawake walikuwa wameanza kucheza kwanza, kisha likaja katazo. Hakuna anayetunga sheria ya kuzuia jambo ambalo watu hawalitaki.

Chama cha Uingereza kiliondoa marufuku yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Preston Ladies walikuwa wameshavunjika. Lily Parr alifariki mwaka 1978. Aliiona milango ikifunguliwa, lakini akiwa bibi wa miaka zaidi ya 60. Mwaka 2002 jina lake liliingizwa katika orodha ya mashujaa wa soka ya makumbusho ya mpira ya Uingereza, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo. Mwaka 2008 chama kikaomba radhi kwa azimio la 1921. Mwaka 2019 sanamu yake ikasimamishwa Manchester. Julai 2022 wanawake wa Uingereza walitwaa ubingwa wa Ulaya katika uwanja wa Wembley mbele ya watu 87,192, na magazeti yakaandika kwamba kandanda ya wanawake sasa imepata watazamaji. Sasa! Wakati idadi ile ya Goodison Park ilikuwa bado haijapitwa na mchezo wowote wa klabu za wanawake nchini humo. Ilikuja kupitwa mwaka 2023, Arsenal walipocheza na Wolfsburg ya Ujerumani mbele ya watu zaidi ya 60,000. Miaka 102 baadaye. Mtu akikuambia maendeleo huja yenyewe kwa kupita kwa wakati, mwonyeshe namba hiyo.

Sasa turudi nyumbani, maana safu hii haisomwi Preston. Sisi tunao mabinti wetu. Twiga Stars walifika fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010, wakati ambapo wengi wetu hatukujua hata jina la nahodha wao. Simba Queens walishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Morocco, mwaka 2022. Hapa hatuna azimio la kuwafungia viwanja, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ufunguo wa uwanja si lazima ugeuzwe na azimio. Mchezo ukipangwa saa 8 mchana siku ya kazi, katika uwanja wa mbali, bila tangazo gazetini wala redioni, huo nao ni mlango uliofungwa. Shule ikiwa na uwanja mmoja na ukawa wa wavulana kila jioni, huo ni mlango uliofungwa. Na anayefunga kwa namna hiyo ana nafuu kuliko FA ya 1921, kwa sababu hakuna azimio ambalo wajukuu wake watakuja kulisoma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia kandanda ya wanawake haina watazamaji, usimgombeze. Muulize maswali matatu tu. Mchezo ulichezwa wapi? Ulichezwa saa ngapi? Na nani aliambiwa? Akishayajibu, msimulie habari za mabinti wa Preston, waliojaza Goodison Park Desemba ya 1920, na ambao kabla mwaka haujatimia waliambiwa kwamba mchezo ule haukuwafaa.

Kwa juma hili naishia hapo. Tujaliwe tukutane tena juma lijalo.